Kwenda Kutazama Hadestown: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeutazama mchezo huu mara nne, tatu New York na moja London, na karibu kila mara nilikuwa na mgeni aliyekuwa hajawahi kuingia ukumbi wa namna hiyo. Wanaoniuliza ni wanafunzi, wauguzi wanaotafuta pa kwenda siku yao ya mapumziko, na wazazi waliokuja ughaibuni kuwatembelea watoto wao. Maswali ni yale yale, nami nimeyaweka hapa pamoja na majibu.

Hadestown ni nini hasa?

Ni mchezo wa jukwaani ambao karibu wote unaimbwa. Maneno ya kusemwa tu ni machache, tena mengi ya hayo husemwa juu ya mdundo. Umetungwa na Anaïs Mitchell, mwanamuziki wa Marekani aliyekulia shambani katika jimbo la Vermont. Maneno, muziki na kisa, vyote ni kazi yake, jambo ambalo si la kawaida. Michezo mingi ya aina hii huwa na watunzi wawili watatu waliogawana kazi.

Haukuzaliwa mkubwa. Mwaka 2006 ulichezwa Vermont na marafiki zake, kwa vifaa vya kuokoteza. Mwaka 2010 akautoa kama albamu. Kisha akakutana na mwongozaji Rachel Chavkin, na kazi ikaanza upya: New York Theatre Workshop mwaka 2016, ukumbi wa viti 199 tu, Edmonton, Canada, mwaka 2017, National Theatre ya London mwishoni mwa 2018, na hatimaye Broadway, yaani kumbi kubwa za michezo za New York, ambako ulifunguliwa rasmi tarehe 17 Aprili 2019. Mwaka huo huo ulishindanishwa katika vipengele 14 vya Tuzo za Tony, tuzo kuu za michezo ya Broadway, ukashinda 8, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki.

Hesabu mwenyewe: miaka 13 kutoka Vermont hadi Broadway. Wimbo uliokatwa, wimbo ulioandikwa upya, kisa kilichopinduliwa. Nikimpeleka mtu huwa namwambia hilo kwanza, maana kinachoonekana rahisi jukwaani kimepitia mikono mingi.

Kisa chenyewe kikoje?

Kuna kijana anaitwa Orpheus, fukara, mwenye kipaji cha kuimba kupita watu wote. Anampenda Eurydice, msichana aliyezoea njaa na kuhamahama. Orpheus anatunga wimbo ambao, anaamini, ukikamilika utairudisha dunia katika majira yake, kwa kuwa masika hayaji tena kwa wakati na baridi imekuwa kali. Lakini wimbo haushibishi tumbo. Akiwa amezama katika kutunga, Eurydice anabaki peke yake katika dhoruba bila chakula wala kuni. Hades, bwana wa kuzimu, anamjia na ahadi ya kazi na usalama. Msichana anakubali na kwenda naye.

Orpheus akizinduka anashuka kuzimu kwa miguu kumfuata. Anaimba mbele ya Hades mpaka moyo wa mzee unalainika. Hades anawaruhusu waondoke kwa sharti moja: kijana atangulie, binti afuate nyuma, na kijana asigeuke kumtazama mpaka wote wawili wafike kwenye mwanga wa dunia. Akigeuka, binti anarudi chini moja kwa moja.

Anageuka.

Mbona umenimalizia! Sasa nitazame nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ndilo sababu ya mimi kuandika ukurasa huu.

Mchezo wenyewe haukufichi mwisho. Katika wimbo wa kwanza kabisa, Hermes, ambaye ndiye msimulizi, anakutangazia kwamba hiki ni kisa cha zamani na ni cha huzuni, na kwamba wao watakiimba hata hivyo. Hata kabla ya hapo, anawasalimu watu kwa mguno, na wenzake wa jukwaani wanamwitikia. Mara ya kwanza niliposikia ule mguno na mwitikio nilijikuta nimekaa sawa kitini, maana ni kile kile tulicholelewa nacho: paukwa, pakawa. Hadithi, hadithi njoo. Bibi alipotusimulia habari za sungura na fisi kwa mara ya ishirini, hakuna aliyesema "hiyo tunaijua." Tulimkatiza akiruka kipande.

Mama alipokuja kututembelea nilimpeleka. Kiingereza chake ni cha dukani na hospitalini tu, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ile nilimsimulia kisa chote jikoni, yeye akimenya vitunguu. Nilipofika kwenye sharti aliweka kisu chini. "Sasa huyo binti si aimbe huko nyuma, mwenzake amsikie? Atageuka kutafuta nini?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake, tulipofika mahali penyewe, jukwaa likawa giza. Orpheus anatembea juu ya duara la sakafu linalozunguka, kwa hiyo anatembea sana na hafiki. Nyuma yake yuko Eurydice, na anaimba. Anamwimbia kwamba yupo, yuko hapo hapo nyuma yake. Mama akanishika mkono, akasahau kunong'ona: "Si huyo anaimba! Hamsikii?" Hamsikii. Anayoyasikia ni mashaka yake mwenyewe, yanayoimbwa na wanawake watatu wanaoitwa Majaaliwa. Halafu akageuka. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, watu karibu elfu moja, na wengi wao walikuwa wakijua kama tulivyojua sisi. Wawili wale wakaitana majina, sakafu iliyo chini ya Eurydice ikashuka naye taratibu, na kukawa kimya.

Mama alijua kwamba atageuka, na bado vidole vyake vilinibana mpaka pete ikaniacha alama. Ndiyo maana nasema: soma kisa kabla ya kwenda, tena chote. Asiyekijua hupoteza nusu ya usiku akijiuliza nani ni nani. Anayekijua anakaa akitumaini kwamba leo, pengine leo, hatageuka.

Kimefuata hadithi ya kale ya Wagiriki au wamebuni?

Vyote viwili. Kisa cha Orpheus kimetufikia hasa kupitia washairi wawili wa Roma, Virgil na Ovid. Kwao, Eurydice anakufa kwa kuumwa na nyoka. Kwa Virgil alikanyaga nyoka akimkimbia mwanamume aliyekuwa akimfukuza. Katika Hadestown hakuna nyoka. Kuna njaa, na kuna mkataba wenye sahihi. Msichana hakunyakuliwa, alichagua, na uchaguzi wenyewe ulikuwa kati ya mabaya mawili. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowagusa watu wetu. Nani kati yetu tulio ughaibuni hana ndugu aliyetia sahihi mkataba asiouelewa kwa sababu nyumbani sufuria lilikuwa tupu?

Kisa cha pili kilichofumwa humo ni cha Hades na mkewe Persephone. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki, Persephone alinyakuliwa akichuma maua, na mama yake Demeter, mungu wa mazao, akaighadhibikia dunia mpaka nafaka zikakataa kuota. Ikaamuliwa binti arudishwe, lakini alikuwa ameshakula punje ya komamanga kule chini, na aliyekula cha kuzimu ni wa kuzimu. Basi sehemu moja ya tatu ya mwaka hukaa chini na mumewe, sehemu mbili hukaa juu, na hivyo ndivyo Wagiriki walivyoeleza majira. Hadestown imechukua hesabu ya miezi sita kwa sita, ambayo ni ya Ovid.

Jukwaani Demeter hayupo. Utawakuta mume na mke wa umri mkubwa waliochokana. Mume anakuja kumchukua mke kabla ya siku zake kwisha. Mke amejizoeza chupa. Kwa sababu nyumba yao imeharibika, dunia nzima imeharibika hali ya hewa. Vijana huja kwa ajili ya Orpheus na Eurydice. Watu wa makamo, nimewaona kila mara, hulia kwa ajili ya hawa wawili.

Hades ni jehanamu? Mimi ni mtu wa dini, nina wasiwasi.

Ni swali la haki na silichukulii kwa wepesi. Hades wa Wagiriki ni jina la mungu, na pia ni jina la mahali anapotawala: makazi ya wafu wote, wema kwa waovu. Si moto wa adhabu. Kiswahili kina neno linalokaa vizuri kabisa, nalo ni kuzimu. Wakristo wameshalisoma bila kujua: pale Mathayo 16:18 panaposema milango ya kuzimu haitalishinda kanisa, neno lililoko katika Kigiriki ni hilo hilo, hades.

Jukwaani kuzimu kumegeuzwa kuwa mji wa viwanda, migodi na ukuta, wenye taa kali na wafanyakazi waliosahau majina yao. Hakuna ibada wala matambiko. Kuna ulevi wa Persephone, kuna wimbo wa kuinua vikombe, kuna mavazi yanayobana na kucheza kwa kiuno. Hakuna utupu wala tendo la faragha linaloonyeshwa. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, alikwenda na mkewe. Aliniambia alichobaki nacho ni lile swali la subira: kwa nini mwanadamu hawezi kungoja hatua chache zilizobaki. Mwingine, wa kanisani kwetu, alisema hapendi visa vya miungu na hataki kwenda. Sikumbembeleza.

Majina yanatamkwaje?

Orpheus wao husema "Ofiasi". Eurydice ni "Yuridisi", mkazo kwenye "ri". Hades ni "Heidiz". Persephone ni "Pasefani", na mkazo ni kwenye "se". Hermes ni "Hamiz". Ukishayashika hayo matano humpotezi mtu jukwaani.

Wale wanawake watatu wanaotembea pamoja ni Majaaliwa. Kwa Wagiriki mmoja alisokota uzi wa maisha, wa pili akaupima, wa tatu akaukata. Hapa kazi yao ni kumnong'oneza kila mtu hofu aliyonayo tayari.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaambulia kitu?

Utaambulia, ukijiandaa. Maneno ya nyimbo ni mengi na mengine ni ya kishairi, hata wenye lugha yao huyakosa. Fanya mambo mawili. La kwanza, sikiliza rekodi ya waigizaji wa Broadway ya mwaka 2019; ina karibu mchezo mzima, kwa hiyo isikilize kwa mafungu, ukipika au ukiwa kwenye treni. La pili, ukiwa Broadway, kuna programu ya simu iitwayo GalaPro inayoonyesha maneno yanayoimbwa kwenye kioo chenye giza ili usimsumbue jirani. Waulize wahudumu wa ukumbi kabla ya kuanza, watakuelekeza.

Mama hakutumia chochote kati ya hivyo. Alikuwa na kisa kichwani, na sauti zikamtosha.

Muziki wake ni wa aina gani?

Tromboni ndiyo inayokupokea, ikivuta sauti kwa mbwembwe kama mtu anayekukaribisha baa. Ni muziki wenye harufu ya New Orleans, jazi ya zamani, uliochanganywa na nyimbo za gita za mashambani za Marekani. Wapigaji hawakufichwa shimoni kama ilivyo desturi ya kumbi hizi. Wako jukwaani, pande zote mbili za ngazi: piano, gita, fidla, selo, besi na tromboni. Sehemu ya pili inapoanza, Persephone huwatambulisha kwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja anapiga kipande chake. Aliyewahi kukaa katika dansi la bendi zetu atajua la kufanya: piga makofi.

Mashabiki wa taarabu nawapa dokezo. Kati ya wale wanawake watatu, mmoja hupiga kodiani na mwingine fidla. Jinsi kodiani inavyojibizana na sauti zao, na jinsi wanavyomsema mtu mbele ya uso wake kwa utamu, mtu wa Tanga au Unguja hatahitaji tafsiri.

Na sauti ya Hades! Mtunzi ameiandika chini sana. Patrick Page, aliyeicheza Broadway kwa mara ya kwanza, alishuka mpaka mahali ambapo husikii noti tena, unasikia kiti kinatetemeka.

Ule wimbo wa ukuta, uliandikwa kwa ajili ya siasa za juzi za Marekani?

La. Wimbo huo umo katika albamu ya 2010, miaka sita kabla ya kampeni za Donald Trump, aliyeahidi ukuta mpakani, zilizofanya watu waufikirie hivyo. Ndio unaofunga sehemu ya kwanza. Hades anauliza, wafanyakazi wanajibu. Anauliza tena, jibu linarefuka kwa mstari mmoja. Kwa nini tunajenga ukuta? Ili tubaki huru. Ukuta unatuwekaje huru? Unazuia adui. Adui ni nani? Umaskini. Na hivyo hivyo mpaka jibu la mwisho linarudi pale pale pa kuanzia, wala hawaoni kwamba wamezunguka. Ni muundo wa kiongozi na waitikiaji, ule ule wa nyimbo zetu za kazi, ila umetumiwa kuonyesha jinsi watu wanavyofundishwa kujibu bila kufikiri. Hapo hapo taa zinawaka na ni mapumziko. Watu hutoka wakiwa wamenyamaza.

Unachezwa wapi, na tiketi napataje?

New York uko Walter Kerr Theatre, mtaa wa West 48th, Manhattan, ukumbi uliojengwa mwaka 1921. Ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona ukafunguliwa tena Septemba 2021. London uko Lyric Theatre, Shaftesbury Avenue, hatua chache kutoka Piccadilly Circus, tangu Februari 2024. Pia kuna kundi linalozunguka miji ya Marekani Kaskazini. Ratiba hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya mchezo wenyewe kabla ya kukata tiketi ya ndege au ya basi.

Kuhusu bei, usikate tamaa kwa bei ya kwanza utakayoiona. Siku za katikati ya wiki huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Kuna bahati nasibu ya tiketi mtandaoni: unaandikisha jina siku moja kabla, ukishinda unalipa kidogo. Na kuna vibanda vya TKTS, Times Square kwa New York na Leicester Square kwa London, vinavyouza tiketi za siku hiyo zilizobaki kwa punguzo.

Kosa nililolifanya mimi mara ya kwanza: niliandika jina la mchezo kwenye mtandao nikabonyeza tovuti ya juu kabisa. Ilikuwa ya walanguzi. Nililipa karibu mara mbili, na jirani yangu wa kiti aliponiambia bei yake nilikosa raha mpaka taa zilipozimwa. Anzia tovuti ya mchezo au ya ukumbi, hapo ndipo watakapokuelekeza kwa muuzaji halali.

Nikae wapi?

Kumbi zote mbili ni ndogo kwa kulinganisha. Hata nyuma kabisa unaona nyuso. Nikichagua mimi, naenda mbele ya ghorofa ya kwanza, katikati, kwa sababu ya sakafu. Ukiwa juu kidogo unaona duara zake zikizunguka, moja kushoto nyingine kulia, kama mawe ya kusagia. Unaona pia vizuri zile taa.

Nisizimalize, ila nikuandae tu: Orpheus anapoanza safari ya kushuka kuzimu, taa zenye kofia za chuma zinaning'inia kutoka juu kwa kamba ndefu. Wafanyakazi wanazisukuma, zinabembea kubwa kubwa juu ya jukwaa lenye moshi, naye anapita katikati yake akiimba. Ni taa, kamba na mikono ya watu, basi. Bradley King alipata Tony kwa taa za mchezo huu, na ukifika hapo utajua kwa nini.

Mwenye magoti mabovu mkatie kiti cha chini. Kumbi hizi ni za zamani, ngazi zake ni nyingi na kali.

Nivae nini? Adabu za ukumbini ni zipi?

Vaa unachopenda. Utaona suti, utaona jinzi, na kitenge au kanzu haitamshangaza mtu. Beba kitu cha kujifunika, kiyoyozi hakina huruma. Fika nusu saa kabla, kwa kuwa mizigo hukaguliwa, na ukichelewa utangojeshwa nje mpaka waone nafasi ya kukuingiza, na utakuwa umekosa ule mguno wa Hermes.

Simu zima kabisa. Kupiga picha ni marufuku mchezo ukianza. Makofi ni baada ya kila wimbo, na vifijo vinakaribishwa. Kuimba pamoja nao, hapana. Na kutuza hakuna: hata wimbo ukikuchoma namna gani, usiinuke na noti kuelekea jukwaani. Namjua dada aliyeinuka, kwa mapenzi kabisa, na mhudumu akamrudisha kitini kwa upole.

Mchezo huchukua takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Foleni ya choo cha wanawake ni ndefu mno. Taa za mapumziko zikiwaka tu, nenda.

Niende na watoto?

Wenyewe hushauri kuanzia miaka 8. Kuna giza, moshi na kelele za ghafla, na kuna huzuni isiyofutwa mwishoni. Binti yangu alikuwa na miaka 10. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimkasirikia Orpheus, na kwa wiki nzima alinitaka nimweleze kwa nini hakuamini. Nadhani umri huo unafaa.

Waigizaji ni kina nani?

Hubadilika, kama timu ya mpira. Wa kwanza Broadway walikuwa Reeve Carney kama Orpheus, Eva Noblezada kama Eurydice, Amber Gray kama Persephone, Patrick Page kama Hades, na André De Shields kama Hermes. De Shields, Mmarekani mweusi, alikuwa ameshavuka miaka 70 alipopata Tony yake ya kwanza kwa nafasi hiyo. Ukitazama picha zake na ile suti ya rangi ya fedha, akisogeza mkono mmoja tu taratibu, utaelewa kwa nini watu walikuwa wakisimama. Baada yake Lillias White akawa mwanamke wa kwanza kuwa Hermes wa Broadway, na London ilifungua na Melanie La Barrie, mzaliwa wa Trinidad.

Usihuzunike ukimkuta mbadala siku yako. Eurydice aliyenigusa kuliko wote alikuwa mbadala, jina lake liko kwenye kikaratasi kilichochomekwa ndani ya kijitabu cha programu. Bado ninacho. Kijitabu hicho New York hupewa bure, London hununuliwa.

Siko New York wala London. Nifanyeje?

Rekodi zipo, na ni njia nzuri ya kuanzia. Kama una watoto wa sekondari Marekani, uliza shuleni: kuna toleo lililorekebishwa kwa ajili ya vijana, na shule nyingi zimekuwa zikilicheza tangu 2024. Nimelitazama moja katika ukumbi wa shule, jukwaa lisilozunguka, taa ni tochi zilizofungwa kwa kamba. Orpheus wao alikuwa kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akipasuka sauti, na alipogeuka, mama zetu wote walipiga ukelele.

Mchezo ukiisha niondoke haraka niwahi treni?

Usiondoke! Waigizaji watakuja kuinama, watu watasimama kupiga makofi, na utaona wengine wanavaa makoti kuelekea mlangoni. Bado kuna wimbo mmoja. Baada ya makofi Persephone anarudi mbele, wenzake wakiwa nyuma yake na vikombe mikononi, wanamwimbia Orpheus, popote alipo, taratibu, karibu bila ala. Sisi tulikuwa tumeshasimama. Mama akakaa tena, akauweka mkoba wake mapajani, na tukakosa treni ya saa tano kasoro.